Jike la Pete Kumi na Saba

3 Machi

Nimeamua kuandika hapa kila siku kwa sababu mhariri ameniomba, kwa adabu ya kuudhi, nisiandike gazetini mpaka nitulie. Nitulie! Mtu amezika mke wiki saba zilizopita, anaambiwa atulie na bwana ambaye nusu ya sentensi zake nilizinyoosha mimi.

Nyuma ya nyumba kuna banda la wavu, hatua tisa kwa nne, lenye kasuku thelathini na mmoja, wale wadogo wa kuenea kiganjani. Lilikuwa banda lake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipandisha dume hili na jike lile akitafuta rangi moja tu: kijivu chenye zambarau kwa mbali. Yeye aliiita moshi. Mimi banda zima niliita makelele, maana niliyasikia tu, sikuwahi kuyatazama. Sasa wa rangi ya moshi amebaki mmoja, jike, mwenye pete ya mguuni namba kumi na saba.

Hospitalini aliniambia, "Mambo ya ndege yote yamo kwenye daftari. Soma lote." Baada ya hapo tulizungumza maji ya kunywa na mto wa kulalia, basi.

Mvua zimeanza, na mvua zikianza ndege hawa hutaga. Msimu huu Kumi na Saba atatotoa. Mengine yote ya mwanamke yule yamekwenda na yatazidi kwenda. Rangi yake haitaisha mikononi mwangu.

5 Machi

Nimelisoma daftari. Ni la shule, jalada la kijani. Kurasa kumi na nne za majedwali: namba ya jike, namba ya dume, rangi inayotarajiwa. Mstari wa mwisho kabisa: 17 na 4. Mbele yake neno "moshi" na alama ya kuuliza. Kisha kurasa nyeupe. Nimepekua nane, tisa, kumi, zote nyeupe, nikalifunga.

Namba nne ni dume wa bluu, kifua mbele, ambaye mke wangu alimpa jina Jemadari. Imekwisha hiyo. Mpango upo, mwandiko ni wake, kilichobaki ni utekelezaji.

6 Machi

Mvua. Nimewalisha.

8 Machi

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, amehamia hapa tangu msiba, yeye na cherehani yake, eti kuniangalia. Kwa kweli mimi ndiye ninayemwangalia, maana hajui kufunga mlango. Leo alikuwa anampima jirani gauni. Akaandika vipimo, kisha akaligeuza daftari lake juu chini na kuandika tena upande wa nyuma. Nikamwambia anaandika kama mlevi.

"Ndivyo alivyotufundisha baba," akasema, pini zimejaa mdomoni. "Niondolee kivuli."

9 Machi

Kuna kizuizi, na kizuizi chenyewe kina jicho moja.

Ni dume mzee wa kijani, kijani kile cha kawaida ambacho ukienda sokoni utapewa bila kuchagua. Anaitwa Chongo. Mkia umenyonyoka upande. Huyu ndiye aliyekaa na Kumi na Saba kwenye fimbo ya chini, karibu na chombo cha maji, kutwa nzima. Anatikisa kichwa mara tatu nne, anatoa mtama aliokwisha kuulainisha kooni, anamlisha mdomoni. Naye jike anapokea, kisha anamchambua manyoya ya upande ule wa jicho lililokufa, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Jemadari yuko juu, anaimbia kioo.

Nikamweleza shemeji kwamba Chongo ataondolewa.

"Lakini huyu ana mwenzake."

"Ana jirani."

"Jirani gani anakutafunia chakula?"

"Shemeji, ndege hachagui. Ndege hukutwa na msimu."

Akaacha kukanyaga cherehani. "Wewe si ndiye uliyeandika kile kijitabu, *Binti Si Mzigo wa Kukabidhiwa*? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimsomea baba ukurasa mzima nimesimama, na yule bwana wa malori aliyekuja kuniposa akaondoka soda hajaimaliza."

"Kile kilihusu watu."

"Eeh. Ndege wao hawana mwandishi."

Nilikuwa na majibu manne. Nimeyaandika pembeni, yote mazuri, na hakuna hata moja lililonituliza.

11 Machi

Amekuja fundi wa matundu, aliyemuuzia mke wangu ndege wa kwanza. Watu wanamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Ameniletea tundu la peke yake na kisanduku cha kutagia, cha mbao, chenye kitobo cha mlango upande mmoja.

"Ukitaka kuwaachanisha hawa," akasema, "kutoonana hakutoshi. Wasisikiane. Dume akishatulia na jike wake hujifunza ule mlio wake, akawa anaita kama yeye. Funga macho hapo, utashindwa kujua nani kaita. Ukimwacha mzee huyu karibu, kila asubuhi atamrudishia bibi sauti yake mwenyewe. Hapo Jemadari wako atabaki kuoa kioo."

Kisha akamshika Kumi na Saba, akamgeuza, akampapasa tumbo kwa kidole. "Huyu msimu uliopita alitaga salama?"

"Daftari halina neno baya juu yake."

"Umelisoma lote?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Januari. "Bwana mkubwa, mimi nimewaaibisha watu hadharani kwa kosa la kutosoma lote."

"Haya," akasema. "Mimi mwenyewe sijui kusoma haraka."

Tumemhamishia Chongo jikoni, milango mitatu kutoka bandani. Kumi na Saba na Jemadari wako ndani ya tundu jipya.

12 Machi

Kumi na Saba ameita kutwa.

13 Machi

Ameita.

14 Machi

Ameita. Kutoka jikoni amejibiwa, milango yote imefungwa. Shemeji amemfunika Chongo kwa shuka. Akaita ndani ya shuka.

17 Machi

Jemadari kang'atwa mguu. Damu kidogo. Nimempaka dawa huku nikimtukana jike. Mvua imepasua bomba la paa.

24 Machi

Siku njema, niseme ukweli. Mhariri amenirudishia safu yangu, kwa sababu Mhadhiri mmoja wa chuo aliandika upuuzi juu ya sheria ya ardhi na hakuna mwingine wa kumjibu. Amenukuu ripoti ukurasa wa arobaini. Ukurasa wa tisini na mbili unamkana neno kwa neno. Nimemaliza makala yangu hivi: *Anayesoma nusu na kuhukumu lote asikabidhiwe hata menyu ya hoteli.* Wamenipigia simu watu watano kunisifu.

Nimemsomea shemeji. Akasema, "Vizuri," akaomba nimpe mkasi.

2 Aprili

Kumi na Saba amenyamaza. Siku ya pili leo. Nimemwambia shemeji kwamba hii ndiyo dalili ya kuzoea.

"Hajazoea. Amechoka."

"Unajuaje?"

"Nami nilinyamaza wiki mbili, kabla sijapata kile kijitabu chako. Baba naye alifurahi vivyo hivyo. Aliita majirani."

Nilitaka kugombana naye, nikaona hana nia ya kugombana. Alikuwa anatafuta uzi. Miaka yote nimemchukulia huyu kuwa mwanamke wa mzaha na vitambaa. Yeye hasemi ili ashinde. Mtu wa namna hiyo sijui kumjibu.

5 Aprili

Mvua. Chongo anaita peke yake, sauti ya chini, kama anayejikumbusha.

9 Aprili

Amekubali! Saa tatu asubuhi Jemadari ametikisa kichwa, amesogea, na Kumi na Saba akafungua mdomo akalishwa. Mara mbili. Mchana akapanda kisandukuni na kuanza kuguguna kizingiti kwa bidii, vipande vya mbao vinaruka. Ngozi ya juu ya pua yake imekuwa kahawia iliyokolea, dalili ya kutaka kutaga.

Nilipiga kofi la furaha, nikageuka kumwambia mtu. Kwenye dirisha la jikoni alikuwepo Chongo tu.

12 Aprili

Mtama umepata unyevu. Nimeutandaza juu ya magazeti, juu ya makala zangu. Wameula pale pale.

19 Aprili

Yai.

21 Aprili

La pili. Jeupe, dogo kama ncha ya kidole gumba. Nimeandika tarehe zote mbili kwenye kadi ya kisanduku. Nimetembea barabarani kichwa juu kama aliyetaga ni mimi.

24 Aprili

Niandike kwa mpangilio, kwa sababu nisipopanga nitajitetea.

Yai la tatu lilitarajiwa jana. Halikuja. Leo saa moja asubuhi nilimkuta Kumi na Saba chini, sakafuni mwa tundu, manyoya yamevimba, macho nusu. Mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Jemadari yuko juu na kioo chake. Nikadhani ni baridi. Nikamletea maji. Alijaribu kunyanyuka, miguu ikakataa.

Nikamwita shemeji, shemeji akamwita Kimya. Alifika mbio, viatu vya mpira vimejaa tope. Kwa mara ya kwanza nilimwona akishindwa kusema. Alimgeuza, akagusa chini ya tumbo, akashika kidole changu ili niguse. Kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, mahali ambapo ndege mzima yuko laini.

"Limekwama," akasema.

"Litoe."

"Halitolewi, linasubiriwa. Maji ya moto, haraka. Na mafuta."

Tulimweka ndani ya kiboksi juu ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Shemeji alishika sufuria ya mvuke karibu naye. Kimya alimdondoshea mafuta kwa unyoya. Nilimpigia daktari wa mifugo; akasema niongeze joto, nimpe matone ya kalsiamu, na kwamba yuko mbali, barabara imekatika kwa mvua, atakuja akiweza. Sikumgombeza.

Kimya aliniuliza huku hanitazami, "Hukuwahi kusikia kwamba amekwama kabla ya hapa? Hivi vitu hurudia."

"Daftari halisemi."

Saa nne Chongo akaanza kuita jikoni, mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Kumi na Saba alifungua macho. Nilimwona, na wenzangu wote wawili walimwona. Shemeji aliweka sufuria chini, akaenda jikoni bila kuniomba ruhusa, akarudi na tundu la Chongo, akaliweka mezani ubavu kwa ubavu na kiboksi. Yule mzee akasogea mpaka wavu, akageuza upande wa jicho zima. Hakuita tena. Alitikisa kichwa mara tatu, akatoa mtama kooni, akaushikilia kwenye ncha ya mdomo, kwenye wavu.

Kumi na Saba alikufa saa nne na dakika ishirini, yai likiwa ndani. Mtama ule Chongo aliushikilia muda mrefu baada ya hapo.

Kimya amechukua mayai mawili akayaweka chini ya jike mwingine anayelalia. "Yanaweza kuwa na kitu," akasema. Jina lake limerudi kuwa la kweli leo.

25 Aprili

Nimemzika chini ya bomba la paa. Kisha nikachukua daftari la kijani ili niandike kifo chake katika mstari wake, 17 na 4, kama mtunza kumbukumbu mwaminifu. Nilikuwa natafuta kalamu kwa mkono mmoja, daftari likaanguka. Shemeji aliliokota, likawa juu chini mikononi mwake, akalifungua hivyo hivyo. Akasoma kidogo. Akakaa.

"Shemeji," akasema, "huku nyuma ulisoma?"

"Nyuma kuna kurasa tupu."

"Katikati ndiko kutupu. Baba alitufundisha hivi: mbele unaandika unayokusudia, nyuma unageuza, unaandika yaliyotokea. Nilidhani unajua. Uliishi naye miaka ishirini na sita!"

Ninanakili hapa, nisije nikajidai sikuona.

*14 Agosti. 17 amekwama yai. Saa sita nzima nimemshika kwenye mvuke. Limetoka limevunjika. Hatatagishwa tena. Kisanduku nimekiondoa.*

*15 Agosti. Mpango wa 17 na 4 basi. Moshi na iishe, ndege aishi. Nimemweleza Hoja mezani. Kasema "vizuri". Alikuwa anasoma.*

Hoja ni mimi. Ndivyo alivyoniita.

*2 Septemba. 17 hataki mwingine ila Chongo. Hawatagi, wanakaa tu. Nawaonea wivu kidogo.*

*20 Oktoba. Nimempigia Hoja mluzi aje aone walivyolala wameegemeana. Hakusikia. Nitampigia siku nyingine.*

*3 Novemba. Mluzi tena. Bado anamjibu mtu gazetini.*

*9 Januari. Kesho naingia hospitali. Nimemwandikia Hoja hapa mambo yote. Ataona, maana yeye husoma kila kitu.*

Hakuna mstari mwingine.

26 Aprili

Sijawalisha. Shemeji kawalisha.

27 Aprili

Mhadhiri amejibu gazetini. Anasema ukurasa wa tisini na mbili unasahihishwa na kiambatisho cha mwisho cha ripoti ileile, na anauliza kama nilifika huko. Nimekitafuta kiambatisho. Kipo. Mhariri amepiga simu mara tatu anataka makala. Nimeacha iite.

Ningeweza kujitetea kuhusu ripoti. Kurasa mia mbili, maandishi madogo. Ila daftari la shule? Kuligeuza tu?

Na lile la mezani. Nimekaa kwenye kiti kilekile nikijaribu kuipata siku hiyo ya Agosti, mvuke kwenye nywele zake, mikono imebabuka kwa maji ya moto, ananiambia ndege amepona. Lazima alikuwa na furaha. Nimesema "vizuri". Siipati. Naikumbuka makala niliyokuwa nikiijibu wiki ile, naikumbuka hata kichwa chake cha habari.

3 Mei

Kimya amekuja na tochi. Tumefunga dirisha la stoo, tumeyamulika mayai mawili. Yai lenye uhai huonyesha vishipa vyekundu kama mizizi. Haya yalipitisha mwanga moja kwa moja, njano tupu, safi.

"Hayana kitu," akasema. "Hawakuwahi kuwa pamoja kikweli, hawa. Alikubali chakula tu."

Nimemuuliza kama kuna namna ya kuirudisha rangi ile kutoka kwa ndege waliobaki. Akafikiri kwa uaminifu, akihesabu kwa vidole. "Kwa mikono yake, labda miaka kumi na moja mingine," akasema. Kisha akaona uso wangu, akaanza kuongea juu ya bei ya wavu, akaongea, akaongea, na nilimshukuru.

4 Mei

Mvua imekatika.

7 Mei

Chongo amerudishwa bandani. Amekwenda fimbo ya chini, karibu na maji, akaacha nafasi upande wa jicho bovu.

Shemeji akasema tumtafutie mwenzake. Nikasema hapana. Kisha nikasema sijui. Nadhani ni mara ya kwanza ameniona nikisema sijui. Alinitazama kama anayetaka kunipima joto.

"Basi tumwache achague," akasema. "Majike wako kumi na tano humo."

Hajachagua. Wanakuja, wanakaa upande ule, anasogea.

12 Mei

Nimemwandikia mhariri kwamba Mhadhiri yuko sahihi na safu ampe mwingine. Mistari miwili. Amejibu kuuliza kama naumwa.

15 Mei

Leo nimeligeuza daftari la kijani juu chini na kuandika chini ya mwandiko wake:

*24 Aprili. 17 amekufa, yai la tatu. Alitagishwa kinyume cha maagizo. Maagizo yalikuwepo, yameandikwa vizuri. Kosa ni la msomaji.*

Nimeangalia mistari yetu ikiwa imefuatana. Kati yake na mimi kuna nafasi ya upana wa kidole.

18 Mei

Kila asubuhi Chongo anaita, na anaita kwa mlio wa Kumi na Saba: mmoja mrefu, miwili mifupi. Nimesimama kwenye wavu nimefumba macho, na Kimya alisema kweli, huwezi kujua nani kaita. Anaita, ananyamaza kiasi cha jibu, anaita tena.

Nimemuuliza shemeji dada yake alikuwa akipigaje mluzi ule wa kuniita.

"Hujui?"

"Nioneshe."

Alipanga midomo, akapuliza, ikatoka hewa tu. Akacheka. Akajaribu tena, akacheka tena, kisha akafunika uso kwa kile kitambaa alichokuwa anashona na mabega yakaendelea kutikisika.

Kutoka bandani, alikokuwa akinipigia mluzi, hadi meza yangu ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu leo, kwenda na kurudi, dirisha likiwa wazi.